Upepo wa Matairi na Safari ya Kumrudisha Mama Muleba

Walimu wenzangu, tangu nirudi Ilemela kila anayenikuta koridoni ananiuliza kwa nini niliomba ruhusa ya siku mbili nikapotea wiki. Na mmoja wenu ana binamu aliyepita kwa basi karibu na Biharamulo, akaniona nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara nimeshika kichwa. Sasa kuna habari kwamba tulipata ajali, nyingine kwamba mama amefariki. Mama hajafariki. Mambo ya karatasi za hospitali na ruhusa za daktari nayaruka, maana mnayajua na hayana utamu. Nitawaeleza ya njiani tu, pamoja na yale yasiyonipendeza mimi mwenyewe.

Mkolani, asubuhi ya kupima matairi

Mama yangu, Ma Leokadia, alikuja Mwanza kumwona mdogo wangu Koku aliyejifungua. Nyumba ya Koku iko Mkolani, juu ya mwamba, na ngazi zake za mawe hazina huruma. Mama aliteleza ngazi ya tatu akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akalala kwa Koku wiki sita, na kila siku wimbo wake ulikuwa mmoja: "Nirudisheni nikaponee kwangu." Daktari akakubali, kwa sharti kwamba asafiri amelala na asirushwerushwe.

Basi halina kitanda. Gari dogo lingemkunja. Ndipo Koku akasema mumewe, Masanja, ana safari ya kupeleka saruji Katoro, na kutoka hapo gari litaendelea tupu hadi Muleba kupakia ndizi. Masanja ni dereva wa Fuso ya tajiri mmoja wa hapa mjini. Nyuma ya viti vya Fuso ile kuna kitanda chembamba chenye pazia. Mama angelala pale.

Shida ilikuwa moja, nayo haikuwa ya gari. Kwetu Uhayani, na kwao Usukumani vilevile, mama mkwe na mkwe wake hawazoeani. Masanja amemwoa Koku miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo yeye na Mama walikuwa wanasalimiana kwa mbali, macho chini, kisha kila mmoja anatafuta njia ya kuondoka. Ujumbe wao ulipita kwa Koku. Sasa Koku ana kichanga, hawezi kusafiri, kwa hiyo mdomo wao nikawa mimi, dada yake mkubwa.

Saa moja asubuhi majirani walikuwa wamekwisha kumpandisha Mama na kumlaza. Mimi nimekaa mbele na kikapu changu, nimejifunga mkanda. Masanja hayupo. Nikatoa kichwa dirishani nikamwona amechuchumaa kwenye tairi la nyuma na kipimo cha upepo mkononi. Akapima la kwanza, akaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Akapima la pili. Gari lina matairi sita. Alipomaliza akaliendesha taratibu hadi kwa fundi pancha kando ya barabara kuu, akaanza kujaza moja moja. Mpira wake mwenyewe wa kuvutia upepo kutoka kwenye mtungi wa breki za gari ulikuwa umechanika wiki iliyopita, akaniambia, kwa hiyo lazima apite kwa fundi.

"Masanja," nikasema, "tutatoka saa ngapi?"

"Sasa hivi, shemeji. Leo tuna mifuko mia mbili ya saruji. Jana matairi haya haya yalikuwa yamebeba magodoro."

"Si ungeyajaza kabisa siku zote, ukawa umemaliza?"

Mnanijua. Nilimuuliza kwa ile sauti ninayomuulizia mwanafunzi aliyechelewa. Masanja ni mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anayeokota maneno chini. Akasimama akaifuta mikono.

"Nikijaza kabisa gari likiwa tupu, litaruka kama mbuzi. Na nikipunguza likiwa na mzigo, tairi linapikika lenyewe kwa lenyewe. Kila uzito una upepo wake." Akachomoa kwenye mfuko wa mlango karatasi iliyofunikwa nailoni, yenye safu za namba, uzito upande huu na upepo upande ule. "Waliotengeneza tairi ndio wameandika. Mimi nasoma tu."

Nikaangalia saa. Tulitoka saa tatu kasorobo, na moyoni nilikuwa nimemwandikia Masanja alama ya chini.

Usagara, darajani, Sengerema

Sitaki kuwadanganya, sehemu hii ilikuwa raha. Gari lililoshiba saruji linatembea kama mtu mzima aliyetoka kula. Halikurupuki. Tulipita Usagara, tukaingia Kigongo, na badala ya kungoja kivuko kama tulivyozoea miaka yote, tukapanda daraja tukavuka moja kwa moja. Ziwa lilikuwa limetulia, kijivu, na mitumbwi midogo imetawanyika kama mbegu. Nikavuta pazia ili Mama aone.

"Mbona tumeshafika ng'ambo?" akauliza. "Nilikuwa nimejiandaa kusali."

Alisema kwa Kihaya, akinong'ona, ili mkwe asisikie. Masanja akaniuliza mimi, macho barabarani, "Mama anasemaje?" Nikamwambia anasifia daraja. Akatabasamu. Baada ya muda akasema, "Muulize kama gari linamrusha." Nikamuuliza Mama aliyekuwa nusu mita kutoka sikio la Masanja. Mama akasema, "Mwambie niko salama." Nikamwambia Masanja aliyekuwa nusu mita kutoka mdomo wa Mama. Ndivyo tulivyosafiri hadi Geita.

Sengerema tulinunua sato wa kukaanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Masanja ndiye aliyenifundisha kutafuna michembe taratibu mpaka utamu wa kiazi utoke. Mama alikula sato kidogo, akakataa chai. Baadaye nilielewa kwa nini. Hakutaka kunywa kitu ambacho kingemfanya aombe kushushwa mbele ya mkwe wake.

Katoro, mchana wa kungoja

Tuliingia Katoro saa saba. Wabebaji wakashusha saruji, vumbi la kijivu likapanda hadi kwenye kope zetu. Walipomaliza, Masanja akawasha gari tuhamie kwenye kivuli upande wa pili wa soko, karibu na mama ntilie.

Ilikuwa safari ya mita mia nne labda. Lakini gari lilikuwa tupu, na matairi yale yaliyojazwa kwa ajili ya tani kumi yalikuwa magumu kama magogo. Kila kijishimo kilitupiga mgongoni. Nikasikia kitanda kikigonga. Nikageuka nikafungua pazia. Mama alikuwa ameuma pindo la khanga, jasho limemtoka juu ya mdomo, macho ameyafumba.

"Mama, unaumia?"

"Mwambie niko salama," akasema.

Nikageuka nimwambie Masanja. Alikuwa anaangalia kioo cha ndani. Sijui aliona nini, lakini aliona. Akazima gari pale pale, hata kivulini hatukufika vizuri.

"Shemeji, hatuendi kokote hivi," akasema. "Tunangoja."

"Tunangoja nini?"

"Matairi yapoe. Nataka kupunguza upepo, lakini yametoka njiani ni ya moto. Yakiwa ya moto kipimo kinasoma juu. Nikipunguza sasa, yakipoa nitakuta nimetoa kuliko inavyotakiwa."

"Muda gani?"

"Saa mbili. Labda na nusu."

Akashuka akaenda kwa mama ntilie, mwanamke mnene mcheshi aliyemwita kwa jina, akamkaribisha benchi, akamcheka kwamba safari hii amekuja na walinzi. Nikaketi garini nikichemka. Saa mbili! Nikajiambia kwamba mambo ya kipimo ni hadithi, kwamba kila dereva ana kituo chake na mwanamke wake wa kumpakulia, na kwamba Koku huko Mkolani hajui. Nikamshukia Masanja akiwa na sahani ya ugali na dagaa mbele yake.

"Mama yangu yuko kitandani kwenye joto," nikasema, kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia, "na wewe umekaa unachekeshwa."

Mama ntilie akaacha kucheka. Masanja akainuka. Yule mama akafuta mikono, akaniambia, "Dada, huyu ameniomba chumba changu cha nyuma ili mama alale penye upepo. Nilikuwa natandika shuka. Ugali ni mimi nimemlazimisha."

Nikakosa pa kuweka uso. Tulimshusha Mama kwa kitanda cha kamba, wanawake wanne, tukamlaza chumbani. Pale, mbali na mkwe wake, alikunywa chai vikombe viwili, akaomba kusaidiwa haja, akalia kidogo kwa maumivu, akapata dawa yake, akalala. Vidonge vya maumivu vilikuwa vimebaki vichache, nikavihesabu nikavifunga kwenye leso.

Saa kumi Masanja aliweka kiganja juu ya kila tairi, kama unavyompima mtoto homa. Kisha akaanza kutoa upepo. Sauti yake ndefu ilivuta hadi kuku. Alitoa, akapima, akaangalia karatasi, akatoa tena. Matairi ya nyuma aliyashusha kutoka mia moja na kumi hadi sabini na tano.

Tulipotoka Katoro gari lilikuwa jingine. Tupu, lakini laini. Baada ya dakika kumi nikasikia Mama anakoroma. Masanja naye akasikia. Alipunguza sauti ya redio, na mimi nikajua ninadaiwa msamaha ambao sikuutoa.

Biharamulo, na neno langu

Tuliingia Biharamulo jioni, tukalala gesti ya chini isiyo na ngazi. Asubuhi nilimkuta Masanja anaongea na simu, kichwa kimeinama. Tajiri wake alikuwa amepata mzigo. Magunia tisini ya mahindi yalikuwa yanangoja pale pale Biharamulo, yapelekwe Muleba, kwa kuwa gari linakwenda tupu.

"Siwezi kukataa, shemeji," akaniambia. "Gari ni lake."

Saa nne magunia yakawa juu. Sasa matairi yalihitaji kurudishiwa upepo. Tukaenda kwa fundi, mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, akatufungulia mikono: umeme umekatika tangu alfajiri, kompresa imelala.

"Una mpira wa kuvutia upepo kwenye gari?" akamuuliza Masanja.

"Wangu umechanika."

"Kuna mwenzangu upande wa hospitali ana mwingine. Nipe saa moja nimfuate."

Saa moja tu. Nawaomba mkumbuke hilo mnaposoma yanayofuata.

Usiku ule Mama hakulala vizuri. Alikuwa amepewa kidonge cha mwisho alfajiri. Tangu tumrudishe kitandani kwenye gari alikuwa kimya, kile kimya chake cha meno, na kila baada ya muda nilimsikia akiguna kwa ndani. Nilijua kwamba Muleba mjini kuna duka la dawa na kuna mganga anayemfahamu. Kwa haraka yangu hata sikufikiria kwamba Biharamulo nako dawa zinauzwa. Nilichoona mbele yangu ni wanaume wawili wanaongelea mpira.

"Masanja," nikasema, "twende tu."

"Shemeji, tuna tani tisa juu ya upepo wa gari tupu."

"Utaendesha taratibu. Jana tumengoja, leo tumengoja. Vidonge vimeisha. Unataka mpaka aanze kupiga kelele ndiyo ujue anaumia? Hatapiga. Wewe ni mkwe wake, atakufa akisema yuko salama!"

Nilisema kwa sauti, mlango wa gari ukiwa wazi. Masanja aliangalia matairi, yaliyokuwa yamebonyea chini kama mto uliokaliwa na mtu. Akaangalia pazia. Mimi ni mkubwa wa mke wake, ni mwalimu, na nilikuwa nimemwekea mama mkwe mbele kama jiwe la mizani. Akamwambia fundi asante, akapanda.

Mlimani

Kwa nusu saa ya kwanza nilijiona nimefanya jambo la maana. Masanja aliendesha polepole, mabasi yakitupita yanapiga honi. Gari liliyumba kidogo kwenye kona, kama linatembea kwenye udongo, lakini lilikwenda. Vilima vilianza, na jua likapanda.

"Unasikia harufu?" Masanja akauliza.

Niliisikia. Ilikuwa harufu nzito ya mpira, inapanda kutoka nyuma. Nikasema, "Watu wanachoma mkaa huko porini." Nilitaka iwe mkaa.

Akaanza kupunguza mwendo atafute pa kusimama. Ndipo tairi likapasuka.

Sijawahi kuwa karibu na mlio kama ule. Gari likavutwa kushoto, mtaro ukaja dirishani kwangu, nikaona majani yake moja moja. Masanja hakukanyaga breki. Aliushika usukani kwa mikono yote miwili, amekakamaa mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaliacha gari lipungue lenyewe, likilalamika, hadi likasimama nusu juu ya nyasi. Mama alipiga yowe moja. Ukiacha kule kukoroma, katika safari nzima ndiyo sauti yake ya kwanza ambayo mkwe wake aliisikia bila mimi kuipeleka.

"Mama!" mimi na Masanja tukasema pamoja.

Pazia likavutwa na mkono kutoka ndani. Mama alikuwa amejishikilia kwenye chuma cha kitanda, ushungi umemtoka, mvi zote nje. "Nipo," akasema. "Nyonga ipo. Angalieni gari."

Masanja akashuka, akakata matawi akayatandaza barabarani nyuma na mbele kuwaonya wenye magari, kisha akanionyesha. Matairi ya nyuma yamekaa pacha, mawili mawili. Yalipokosa upepo wa kubeba mzigo yalivimba pembeni yakagusana, yakasuguana kilima baada ya kilima mpaka la ndani likapikika na kuchanika ubavu mzima. La nje nalo lilikuwa linafuka. Nikasogeza mkono, akanizuia. "Bado linaweza kupasuka. Kaa mbali."

Ndiyo nikaenda kukaa juu ya lile jiwe aliponiona binamu wa mwenzenu.

Mfugaji mmoja aliyekuwa na ng'ombe wake upande wa juu aliteremka akatusalimu. Akasikiliza, akaangalia, akaondoka. Nikadhani ametuchoka. Baada ya muda akarudi na kibuyu cha maziwa na mwavuli wa kumfunika Mama dirishani, akakaa chini akatulinda mpaka tulipoondoka. Masanja alimpigia simu fundi wa Biharamulo, na fundi akasema mpira umepatikana, upo mkononi mwake tangu kitambo, anautuma kwa bodaboda.

Kisha simu ya Masanja ikaita. Alikuwa tajiri, ambaye Masanja alikuwa amemtumia ujumbe kuhusu tairi. Anaongea kwa sauti kubwa hata bila spika, kwa hiyo wote tulisikia.

"Limepasukaje? Lile tairi ni jipya!"

"Sikujaza upepo, bosi."

"Wewe? Wewe unayenisumbua na vipimo kila asubuhi? Kwa nini?"

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Masanja alinitazama mara moja, akageuza uso upande wa barabara.

"Nilikosea mwenyewe," akasema. "Nilikuwa na haraka."

"Basi ukifika Mwanza uniletee funguo. Nitatafuta dereva asiye na haraka."

Miaka kumi na moja mdogo wangu amekula kwa usukani ule, na mtoto mchanga yuko nyumbani. Nilifungua mdomo, na kabla sijasema, sauti ikatoka dirishani.

"Masanja. Nipe hiyo simu."

Alimwita kwa jina. Masanja alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Akaja hadi dirishani, macho chini, akainyoosha simu kwa mikono miwili. Mama akaichukua.

"Baba, habari za huko," akasema kwa Kiswahili chake cha Kihaya, taratibu. "Mimi ni mama mkwe wake. Ndiyo, ndani ya gari lako, nimelala, nimevunjika nyonga. Sikiliza, baba. Huyu alitaka kungoja. Nilimsikia kwa masikio yangu. Aliyesema twende ni binti yangu, mwalimu, na alisema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa naugua na sisemi. Ningesema naumia, wangenitafutia dawa hapo hapo, wangengoja. Kwa hiyo kosa tuligawane wanawake wawili, na huyu umwache." Akasikiliza kidogo. "Na gari lilipopasuka hakuliangusha. Mimi nilikuwa ndani. Najua."

Akanipa simu mimi. Nikasema jina langu, nikasema ni kweli, mimi ndiye niliyemlazimisha. Yule bwana akasema, polepole kuliko mwanzo, "Poleni, mwalimu. Mwambie Masanja ajaze upepo, asiondoke hapo mpaka ajaze. Na mama apewe pole." Akakata.

Nikamgeukia Masanja. "Nisamehe," nikasema. "Na ya Katoro pia."

"Yameisha, shemeji," akasema, akaenda kutafuta jeki.

Muleba

Mpira ulifika saa tisa, umezungushwa shingoni mwa mwendesha bodaboda, pamoja na vidonge nilivyomwomba fundi aninunulie. Masanja alikuwa amekwisha kufunga tairi la spea. Akawasha injini, akaunganisha mpira kwenye mtungi wa breki, akajaza tairi moja baada ya jingine. Kila moja lilichukua muda, na mimi ndiye niliyeshika kipimo nikamsomea namba. Mama alimeza dawa kwa maziwa ya yule mfugaji. Tulipoondoka gari lilikuwa zito, limetulia, halinuki kitu.

Muleba tuliingia jua likielekea kuzama. Mahindi yalishushwa, na tukalala kwa mtawa mmoja aliyesoma na mimi, ambaye alitupikia ndizi na maharage akatuuliza maswali mengi kuliko ninyi.

Asubuhi ya tatu, kabla jua halijayagusa matairi, Masanja aliyapunguza tena kwa ajili ya gari tupu. Kutoka barabara kuu hadi kijijini kwetu ni njia ya changarawe inayoshuka ziwani, yenye makorongo. Tulikwenda kama hatua mia tukasikia kutoka nyuma:

"Masanja, bado linarusha."

Masanja hakunitazama mimi.

"Nimefika mwisho wa karatasi, Mayu," akajibu. Mayu ni mama kwa Kisukuma. "Nikipunguza zaidi ringi itakata tairi kwenye mawe. Nitapunguza mwendo badala yake."

"Punguza. Na hapo mbele kwa mkuyu pita kulia, kushoto pana shimo."

"Sawa, Mayu."

"Si kulia hivyo. Kulia zaidi."

Nyumbani

Tulifika saa tatu. Majirani walikuja na mkeka, wakamshusha Mama kwa vigelegele, wakamlaza sebuleni karibu na mlango, ambapo mimi nilibaki kumuuguza mpaka wiki ikaisha. Wanawake wakaingia jikoni. Masanja, kama desturi inavyotaka, alichukua kigoda chake akaenda kukaa mbali, chini ya mibuni, angoje chakula chake huko.

Mama akamwita mtu amwambie asogee. Wakamsogeza hadi uani. Akasema bado. Wakamsogeza hadi barazani, karibu na mlango, ambapo kila mmoja alimwona mwenzake. Shangazi mmoja akaguna. Mama akamwambia, "Nimelala nyuma ya mgongo wake siku tatu. Mnataka nimwogope leo?"

Chakula kikaletwa, ndizi na sangara. Nikawaacha, nikaenda kuteka maji. Niliporudi na ndoo nilimkuta Masanja ameinama mbele, amepanga mbegu za kahawa sita sakafuni kama matairi, na Mama ameinua kichwa kutoka kwenye mto ili aone vizuri.

"Na mzigo ukiwa wote umekaa upande mmoja," Mama alikuwa anauliza, "hapo unafanyaje?"

"Hapo, Mayu," Masanja akasema, akasogeza mbegu mbili, "hapo hujazi upepo. Hapo unawaambia wapange upya."

Nilisimama na ndoo yangu kichwani, maji yakinidondokea begani, sikutaka kupita katikati yao.